Masikio ya Nyumba ya Vitabu

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi wa Shule kutoka Dar es Salaam, usishuke. Hapo ulipo kwenye ngazi ya behewa panatosha, sisi tutasimama huku chini kwenye kokoto. Tunaona mizigo yako imekwisha kupakiwa, pembe za tandala uliyempiga kule Zuzu zimefungwa juu ya masanduku, na bwana wa stesheni kila mara anatoa saa yake mfukoni, anaitazama, anairudisha. Risala hii ilikuwa yako tangu siku uliyofika. Siku hiyo ukaenda kuwinda. Kesho yake tukajipanga barazani na kanzu safi, tukaambiwa umelala kwa uchovu wa kuwinda. Leo unaondoka na risala bado iko mkononi mwetu. Kwetu chakula kilichopikwa kwa ajili ya mgeni hakirudi ghalani, kinamfuata mgeni njiani. Basi tumeandika utangulizi mpya asubuhi hii juu ya pipa, na chakula chako kimekufuata.

Wala usihofu kuchelewa. Gari la moshi haliendi Gulwe na kiu, na anayelinywesha hapa ni Halfani, mtu wa pampu, ambaye ni mwanachama wetu. Leo Halfani ameamka na maumivu ya mkono. Tumempa pole, naye amesema atapampu polepole.

KARIBU, NA KWAHERI PAPO HAPO

Mbukwa, Bwana Mkubwa. Shikamoo. Salaam aleikum. Tumekusalimu kwa salamu zote tulizo nazo, uchague inayokukaa vizuri.

Sisi ni Wasomaji wa Nyumba ya Vitabu ya Dodoma. Tuko Wagogo wa misheni na Wagogo wasiotaka kusikia habari ya misheni, Warangi waliokuja kutoka Kondoa na asali yao, watu wa reli, mafundi, na akina mama wanaopika pombe ya mtama. Si wote tunaojua kusoma. Wapo wanaosoma herufi za Kiarabu, wapo wanaosoma herufi za Kizungu, na wengi wetu tunasoma kwa kumsikiliza mwenzetu anayesoma. Hao wa mwisho ndio wasomaji wakali kuliko wote, maana hawakubali ukurasa urukwe.

ASILI YA NYUMBA

Nyumba yetu ilikuwa ghala la saruji la wajenga reli. Reli ilipoendelea kwenda Tabora, ghala likabaki na mlango mzuri na halina mwenyewe. Mwalimu Bartolomayo, Mgogo aliyefundishwa misheni, akaliomba bomani, akapewa kwa sharti la kufagia. Akaleta vitabu vya misheni. Mwalimu Mustapha, Mrangi, mwenye chuo cha Kurani nyuma ya soko, akaona si vizuri nyumba ya vitabu iwe na vitabu vya upande mmoja, akaleta vya kwake, pamoja na kitabu cha safari alichokiandika babu yake kwa herufi za Kiarabu, enzi za kupeleka pembe pwani. Wapima njia ya reli walipohama wakaacha ramani. Bibi mmoja wa misheni aliyekuwa akikausha majani kati ya karatasi akaacha majani. Na Mzungu mmoja mkusanya nyimbo, aliyepita na sanduku la kusema, akiwaimbisha watu ndani ya pembe lake la bati na sauti zao zikiingia na kubaki katika vibomba vya nta tulivyoviita mianzi, alishikwa na homa, wapagazi wakamtoroka, akarudi kwao mikono mitupu. Sanduku na baadhi ya mianzi ya nta vikabaki kwetu.

Basi tukawa na nyumba tajiri, isiyojua ina nini.

Bwana Mkubwa, sikiliza jinsi tulivyokuwa tukipanga. Mwalimu Bartolomayo alipanga kwa kimo, kama watoto wa shule kwenye mstari: kirefu nyuma, kifupi mbele. Mwalimu Mustapha alipanga kwa heshima: kilicho kitakatifu juu, cha dunia chini, na cha upuuzi sakafuni. Ramani zilikuwa na namba za wapima njia, ambazo wapima njia waliondoka nazo kichwani. Majani yalipangwa na panya.

Hapo ndipo alipoingia Raheli.

Raheli ni mke wa mfugaji wa Zuzu, na ni binti wa marehemu Ruthu, aliyekuwa mwimbaji wa kutegemewa katika ngoma zote za upande ule. Mwaka ule mvua ilitukimbia. Ng'ombe wa Zuzu walikuwa wakitembezwa mbali kutafuta maji, na wengine hawakurudi. Raheli alikuwa na jambo moja kichwani tangu mazishi ya mama yake, nalo lilikuwa likimsumbua kama jiwe ndani ya kiatu. Alijua mama yake alikuwa na wimbo wa kisima cha zamani, kisima kilichofukiwa wakati wa vita vya wazee na kusahauliwa. Yeye mwenyewe aliushika mwanzo wake tu, maana alipokuwa msichana aliona nyimbo za visima ni za bibi vizee. Lakini alikumbuka siku ile Ruthu alipomwimbia Mzungu wa sanduku. Akavaa kaniki yake nzuri, akaja Dodoma kwa miguu.

"Mwalimu," alimwambia Bartolomayo, "nimemfuata mama yangu. Nimeambiwa yumo humu."

Bartolomayo akavua miwani. "Mama yako alizikwa Zuzu, dada. Mimi mwenyewe niliimba."

"Aliyezikwa ni mwili. Sauti mliichukua nyinyi."

Wakatafuta. Wakatafuta kwenye virefu na vifupi, kwenye vitakatifu na vya upuuzi. Mianzi ya nta mingine ilikuwa karibu na sanduku, lakini wa Ruthu haukuwamo. Raheli akakaa kizingitini, akawatazama walimu wawili wakipiga chafya kwenye vumbi, na moyo wake ukawa unashuka polepole, kwa kuwa aliona kwamba hawa watu hawakuwa wabaya hata kidogo; walikuwa wamempoteza mama yake kwa nia njema kabisa.

Mwanzi wa Ruthu ulipatikana kwa sababu Mustapha alitaka mshumaa. Mwalimu Bartolomayo alikuwa ameuona ni wa nta, ni mviringo, akauweka pamoja na mishumaa ya misheni.

"Alhamdulillahi hatukumuwasha," alisema Mustapha.

"Nisingemuwasha," alisema Bartolomayo. "Hauna utambi."

"Ndiyo sababu pekee!" akasema Raheli, akacheka na machozi yakimtoka. Kisha akawageukia wote wawili kwa ukali ambao hawajausahau. "Walimu wazima! Ng'ombe wa baba yangu hawalali zizi moja. Yuko aliyewekwa Chamwino kwa rafiki yake, yuko aliyewekwa Gulwe kwa shemeji, wengine wako nyumbani, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize mali yote. Mbona hapotei hata mmoja? Baba akifika zizi lolote, anashika sikio, anasoma alama: huyu wangu, huyu mtoto wa yule. Nyinyi mna zizi moja tu, na mmepoteza mwanamke mzima!"

"Nyinyi Wagogo mnajua ng'ombe tu," alisema Mustapha, kwa kuwa alikuwa ameshindwa.

"Na nyinyi Warangi mnajua asali tu. Lakini hata nyuki anajua mzinga wake."

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tangu siku ile kila kitu katika nyumba yetu kina sikio. Sikio ni kipande cha ngozi kilichofungwa kwa uzi, na juu yake kila kitu kinajibu maswali yaleyale, kiwe kitabu, ramani, jani au sauti. Kimetoka kwa nani? Kinahusu nini? Cha mahali gani? Cha wakati gani? Na mwisho: ndugu zake ni nani, na wako wapi? Kitabu kinaweza kukaa kwa Mustapha, ramani ikakaa stesheni, jani likabaki misheni. Alama ni moja, kwa hiyo ni mali ya mtu mmoja iliyoko katika mazizi mbalimbali.

Usidhani tulikubaliana kirahisi. Kwa habari ya wakati, Bartolomayo alitaka mwaka wa Bwana, Mustapha akataka mwaka wa Hijra, na Raheli akasema yeye anaujua mwaka wa nzige na mwaka wa sotoka iliyofyeka ng'ombe, na kwamba miaka hiyo hakuna aliyewahi kubishana nayo. Tukaandika yote. Kwa habari ya maneno ilikuwa kazi zaidi. Kitu kimoja Bartolomayo alikiandika "malenga" kwa Kigogo, Mustapha "maji" kwa Kiswahili, na ramani ilikuwa imejiandikia "Wasser" kwa lugha yenu ya Kijerumani. Vitu vya ukoo mmoja vikawa vinapishana mlangoni bila kusalimiana. Mwisho tukaamua kwamba kila jambo litakuwa na neno moja la baraza, na atakayetaka neno lake la nyumbani aliseme nyumbani. Neno la baraza likawa "maji". Bartolomayo alinuna mpaka Jumapili.

Tena ulikuwapo ugomvi juu ya mwanzi wenyewe wa Ruthu. Tulipouweka kwenye sanduku la kusema na kuzungusha mpini, Ruthu aliimba wimbo wote wa kisima. Katikati akakohoa. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Mshike mbuzi huyo, anakula mkeka!" Kisha akaendelea kuimba pale alipoishia, kana kwamba mbuzi ni ubeti. Raheli alikuwa amejiziba mdomo kwa upande wa kaniki. Akaomba irudiwe hapo kwenye mbuzi.

Wakati wa kuandika sikio, Bartolomayo akaandika, "Wimbo wa kisima, wa Ruthu, wa Zuzu."

"Andika na kikohozi," alisema Raheli.

"Dada, kikohozi si habari."

"Wimbo naweza kufundishwa na mwingine anayeujua. Kikohozi kile na kumgombeza mbuzi ni nani atanifundisha? Andika."

Akaandika. Ukisoma sikio lile leo utaona: "Kinahusu: kisima, maji, mna pia kikohozi na mbuzi."

Basi tukaanza kufuata ndugu. Wimbo ulisema kisima kiko mbele ya mawe mawili yanayonong'onezana. Sikio la wimbo likatupeleka kwenye kitabu cha babu yake Mustapha, ambacho nacho kilikuwa na neno "maji" na neno "Zuzu". Humo babu anasema walilala penye mawe mawili, wakanywa maji ya chumvi kidogo, na punda mmoja akazaa. Kitabu kikatupeleka kwenye ramani, na ramani ikatuonyesha mawe. Ramani ikatupeleka kwenye jani kavu la bibi wa misheni, linalopenda kuota penye unyevu chini. Tukaenda na majembe tukiimba. Tukachimba mahali pasipo na kitu, kwa sababu walimu wetu wawili, kila mmoja akiheshimu elimu ya mwenzake, hawakuulizana ramani inashikwa upande gani. Tukaigeuza. Tukahamia upande wa pili wa mawe, palipokuwa na jani lile likiota wazi kabisa, na Raheli alikuwa amekwisha kukaa juu yake anatungojea.

Maji yakatoka. Ng'ombe waliokuwa wamebaki wakabaki. Chai uliyokunywa leo asubuhi, Bwana Mkubwa, ilikuwa ya kisima hicho, na tulikuona ukiomba kikombe cha pili.

SHIDA ZETU

Tukifika hapa tunategemea tangi la gari la moshi liwe nusu. Halfani, usiharakishe.

Shida ya kwanza ni mchwa, na mchwa tunamwachia Mungu.

Shida ya pili ni mbwa. Masikio ni ya ngozi. Kitabu kimoja cha Mustapha cha kutafsiri ndoto sikio lake lililiwa na mbwa wa askari, na sasa anayejua kinahusu nini ni mbwa yule.

Shida ya tatu ni saa. Nyumba hufunguliwa saa za kazi, na mwanachama wetu mmoja aliyekutwa humo saa za kazi ya barabara alichapwa viboko. Hatulalamiki juu ya viboko. Tunajua viboko vina ratiba yake. Tunasema tu kwamba alikuwa amebakiza ukurasa wa mwisho, na mpaka leo hajui ule mwisho, naye hataki kusimuliwa.

Shida ya nne ndiyo iliyotutoa majumbani asubuhi hii. Ulipokuwa Zuzu na tandala, karani mpya wa boma alikuja na amri kwamba vitu vyote vizuri vya nyumba yetu vipelekwe pwani vitunzwe. Akavipanga katika masanduku kwa aina: herufi za Kiarabu sanduku lao, ramani sanduku lake, majani lake, nta lake. Anasema huo ndio utaratibu. Nasi tunasema ni utaratibu mzuri wa kupanga masanduku. Kisha akachukua mkasi, akaanza kukata masikio, akibandika vikaratasi vya namba. Akasema ngozi inanuka. Masanduku hayo yamo katika gari hili hili.

Ni kweli inanuka. Lakini, Bwana Mkubwa, sanduku la nta likifika huko likafunguliwa na mtu anayetafuta habari za maji, ataona namba. Sanduku la ramani likifunguliwa na mwingine, ataona namba. Wimbo na kitabu na ramani na jani vitakaa nyumba moja huko kwenu, pengine ukuta kwa ukuta, na havitajuana tena. Tuliwahi kuishi hivyo. Tulikuwa karibu kumuwasha mtu.

MAOMBI

Hatuombi mabati, ingawa paa linavuja. Hatuombi mwalimu, tunao wawili na wanatutosha kwa kelele.

Ombi la kwanza: mkasi urudi kwa fundi cherehani. Kila kinachokwenda kiende na sikio lake, na namba yenu muiandike juu ya sikio. Namba haina ugomvi na sisi. Ni swali moja zaidi.

Ombi la pili: kila kitakachochukuliwa, tuambiwe kimewekwa zizi gani. Tukijua hivyo, nasi tutaandika kwenye masikio ya ndugu zake waliobaki, na mtu akija Dodoma kutafuta, tutamwambia, "Nenda pwani, nyumba fulani, ukashike sikio." Mali iliyo zizi la rafiki si mali iliyopotea. Iliyopotea ni ile ambayo rafiki mwenyewe hajui anayo.

Ombi la tatu ni la Raheli, na amesema lisomwe polepole. Yuko hapa kulia kwetu, mwenye kaniki, aliyembeba mtoto. Mtoto huyu amezaliwa baada ya bibi yake kufa, na ameitwa Ruthu. Raheli hana picha ya mama yake, wala hakuna aliyewahi kuipiga. Anachosema ni hiki: wimbo muuchukue ikiwa serikali inautaka, Mwalimu Bartolomayo amekwisha kuuandika maneno yake yote na atakupa. Lakini mwanzi wa nta wa Ruthu, wenye kikohozi na mbuzi, anaomba ushushwe kutoka katika sanduku la nta, ubaki. Anasema hataki mtoto aambiwe tu kwamba bibi yake alikuwa na sauti.

Hilo ndilo ombi letu kubwa. Hayo mengine tulitangulia nayo ili tupate ujasiri.

Mwenyezi Mungu, tunayemwita kwa majina zaidi ya moja na bado anaitika, akufikishe salama. Akujalie njia isiyo na tembo juu ya reli, kiti kisicho na kunguni, na nyumbani kwako watu wanaokujua kwa sauti kabla hujabisha hodi.

Ni sisi watiifu wako,
Wasomaji wa Nyumba ya Vitabu, Dodoma, wanaosoma kwa macho na wanaosoma kwa masikio.

BAADA YA KUSOMWA

Haya yameandikwa nyuma ya nakala iliyobaki, kwa ajili ya watakaouliza.

Mgeni rasmi alisikiliza mpaka mwisho, amesimama pale pale ngazini. Aliuliza kuhusu mbuzi, akacheka. Akaamuru mkasi uachwe na masikio yabaki. Kisha akaagiza sanduku la nta lifunguliwe, akautafuta mwanzi wa Ruthu mwenyewe kwa kusoma masikio, akaupata mara moja, akashuka na kumpa Raheli kwa mikono miwili. Wanawake walipiga vigelegele. Halfani akaacha kupampu, gari la moshi likaondoka.

Lilikuwa limekwisha kupita Gulwe tulipokumbuka sanduku la kusema. Karani alikuwa amelipakia pamoja na taa na viti vya boma. Halikuwa na sikio. Vitu vyote tulivifunga masikio, hilo tukalisahau, kwa kuwa lilikuwa limekaa muda wote mezani na sisi tulilihesabu na meza. Bartolomayo aliandika kuliomba. Jibu lilikuja kwamba mashine haikuwa katika maombi yaliyosomwa.

Bwana Mkaguzi alikwenda Ulaya kwa likizo kabla ya vita, wala hatukupata habari zake tena. Karani alihamishiwa Tabora. Vita vilipoanza, Bartolomayo alifungwa kwa kuwa misheni yake ilikuwa ya Waingereza. Alitoka amekonda, akarudi kufundisha. Mustapha alirudi Kondoa na vitabu vilivyosalia, anafundisha na kuuza asali. Halfani alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, hakurudi. Nyumba iliwekwa unga wa askari. Kisima cha Zuzu kina maji.

Mwanzi wa nta uko Zuzu kwa Raheli, ndani ya chungu chenye pamba, mahali pasipofika jua. Ruthu mdogo anaruhusiwa kuushika akiwa amekaa. Sikio lake bado limefungwa. Penye swali la ndugu zake wako wapi, Bartolomayo aliongeza kwa wino mwingine: "Sanduku la kusema. Pwani. Nyumba haijulikani."